Kifuniko cha boksi la pembe sita kinacheza: nimekosea wapi?

SWALI: Fundi, hujambo? Niko Kisumu, karibu na soko la Kibuye. Mimi hutengeneza maboksi ya zawadi kwa manila na kuyavika kitenge. Ya mraba nimeyazoea. Sasa bibi harusi mmoja ameagiza 40 ya pembe sita, kila upande sentimita 6, na mawili ya umbo la moyo. Kifuniko nakiongeza milimita 2 kila upande kama kawaida yangu, lakini kinacheza kama kofia ya kuazima. Nikipunguza, vingine vinakataa kuingia. Tena mikunjo inapasuka hata kabla sijabandika kitambaa. Nisaidie.

JIBU: Sijambo, dada. Mimi hujalidi vitabu hapa Nakuru, na boksi ni ndugu wa jalada, kwa hiyo shida zako nazijua.

Hesabu ya mraba ndiyo inayokuponza. Kwenye mraba, ukitaka nafasi ya milimita 1 kati ya ukuta wa boksi na wa kifuniko, unaongeza milimita 2 kwa kila upande, moja kushoto na moja kulia. Kwenye pembe sita kuta zinakutana kwa digrii 120, zimepanuka kuliko za mraba, na nafasi ileile inadai nyongeza ya milimita 1.15 tu kwa upande. Wewe uliweka 2, ukapata nafasi ya milimita 1.7 kila ukuta. Lazima kicheze! Kadiri pembe zinavyozidi ndivyo nyongeza inavyopungua: pembe tano ni 1.45, pembe nane ni 0.83. Pembetatu ndiyo mlafi, karibu 3.5.

Sasa, milimita 1.15 huwezi kuipima kwa rula ya shule, na usijaribu. Fanya kazi na mzingo mzima, yaani jumla ya pande zote sita. Sita mara 1.15 ni kama milimita 7, basi boksi lenye mzingo wa sentimita 36 linataka ukanda wa kifuniko wa sentimita 36.7, ukiacha ulimi wa gundi. Kuugawa mara sita ni rahisi. Kabla hujaukata, chora kwenye manila mistari miwili ya wima yenye urefu wa sentimita 25, iachane sentimita 36.7. Laza rula ndefu kwa mshazari, sifuri iguse mstari wa kwanza na 42 iguse wa pili, kisha tia nukta kila sentimita 7. Zishushe nukta hizo wima, na una kuta sita zilizo sawa kabisa. Mbinu hii haishindwi na idadi yoyote ya pembe.

Vile vilivyokataa kuingia nadhani ulivipima kutoka kwenye mchoro. Mchoro haujui kitenge. Lakini kitambaa kina unene, gundi ina wake, na pale ncha mbili za kitenge zinapopandana unene ni maradufu. Vika boksi kwanza, liache likauke usiku kucha, ndipo ulizungushie kipande chembamba cha karatasi na kupima mzingo wake halisi. Ongeza zile milimita 7 juu ya kipimo hicho. Usione ni nyingi. Upindo wa kitenge unaoingia ndani ya kifuniko utakula sehemu yake. Na kiungo cha boksi kisikutane na kiungo cha kifuniko kwenye ukuta mmoja. Mimi hutia nukta ya penseli ndani ili mteja ajue kinavyokaa.

Mikunjo inapasuka kwa sababu unakunja kinyume cha nyuzi. Karatasi ya kiwandani nyuzi zake nyingi zimelala upande mmoja, kama mbao. Pinda manila taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu, halafu kwa upana: upande unaokubali bila ubishi ndio mkunjo unaofuata nyuzi. Kwenye ukanda wa kuta, nyuzi zisimame wima, kutoka kitako kwenda juu. Usishangae ukitoa kanda chache kwenye shiti moja kuliko ulivyozoea. Ni afadhali hivyo kuliko kurudia maboksi 40. Kisha tia mfuo, yaani mstari uliobonyea, kwa biki iliyoisha wino, ukiegemeza kwenye rula ya chuma, kabla ya kukunja. Kisu kisiguse hapo. Kunja mpaka mwisho halafu urudishe, maana mkunjo wa pembe sita ni wa digrii 60 tu, na manila isiyokunjwa vizuri itataka kujinyoosha usiku.

Ya karatasi ya gugumaji hukuuliza, lakini uko Kisumu, utaipata tu. Ile inayotandazwa kwa mkono nyuzi zake zimekwenda kila upande, kwa hiyo hujali ulaze vipi. Unene wake ndio haulingani. Ivalishe juu, usiifanye ukuta, na upime mzingo palipo panene.

Gundi nyeupe ya mbao ipake nyembamba kwa brashi. Uji wa ngano ni rahisi, ila una maji mengi, na kando ya ziwa hewa tayari ina unyevu; vitako vitapinda kama kigae. Kwangu Nakuru, mita 1,800 na zaidi, vinakauka haraka, nami bado naviwekea vitabu vizito juu. Kitako ukikivika upande mmoja, bandika karatasi upande wa pili pia ili zivutane.

Mioyo miwili iache mwisho. Kata kitako kwanza, zungusha uzi ukingoni ndio uwe urefu wa ukanda, nyuzi wima vilevile. Mifuo ni miwili tu, kwenye ncha ya chini na kwenye bonde la juu, na huo wa bonde unakunjwa kwa upande mwingine. Sehemu za mviringo zizungushie chupa kabla ya kugundisha. Kifuniko chake nacho kipime kwa uzi juu ya boksi lililokwisha kuvikwa.