Mzazi akija Uingereza, mpeleke Bury St Edmunds siku ya gulio

Wiki iliyopita dada mmoja anayeishi Luton aliniandikia. Mama yake anakuja mwezi wa tisa kwa mara ya kwanza, magoti yanamsumbua, na ndugu wote wanamshauri ampeleke London akaone saa kubwa na daraja. Akaniuliza mimi nilimpeleka wapi mama yangu alipokuja kutoka Tanga. Nilimjibu kwa ufupi, lakini najua wapo wengi wanaohesabu siku mpaka viza ya mzazi itoke, kwa hiyo naandika kwa urefu.

London tulikwenda, tena mapema kabisa. Mama aliiona yote akiwa amesimama: kwenye foleni, kwenye treni ya chini ya ardhi, kwenye ngazi. Jioni alivua viatu, akasema London kubwa, basi. Shangazi alipopiga simu kutaka habari, mama hakuwa na hata moja ya kumsimulia.

Bury St Edmunds, mji mdogo wa Suffolk, mashariki mwa England, anausimulia mpaka leo.

Ni mji wa gulio. Jumatano na Jumamosi wachuuzi hupanga meza zao Cornhill na Buttermarket, katikati kabisa ya mji, na mtu wa kwetu hapo hahitaji kuelekezwa cha kufanya. Matunda yanauzwa kwa bakuli, kama mafungu ya soko la Mgandini kule Tanga, na mwenye meza anapaza sauti kutaja bei. Mama alisimama mbele ya bakuli la plamu, akazigeuza za juu apate kuona za chini, kisha akamwonyesha muuzaji moja iliyobonyea. Yule mzee akaitoa, akatia mbili badala yake. Mama akaweka kidole juu ya nyingine. Mzee akacheka, akaitia na hiyo. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, na biashara ikaisha kila mmoja ameridhika. Mfuko ule mama aliubeba mwenyewe mchana kutwa, nikiomba nimpokee anakataa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mzazi anataka mahali ambapo na yeye anajua jambo. Kwenye mnara wa London yeye ni mgeni wa kuongozwa mkono. Kwenye gulio yeye ndiye mjuzi.

Kutoka sokoni unateremka mtaa wa Abbeygate, mteremko mfupi, na mbele yako kuna lango kubwa la mawe. Ndani yake ilikuwepo abasia ya watawa Wabenediktini, shirika lilelile tunalolijua sisi kwa abasia zake za Ndanda na Peramiho, kusini mwa Tanzania. Habari yake inaanzia kwa Edmund, mfalme wa Anglia Mashariki, aliyeuawa na Wadani, wavamizi kutoka Denmark, mwaka 869. Husimuliwa kwamba walimpiga mishale, wakamkata kichwa na kukitupa msituni, na watu wake walipokwenda kukitafuta walikikuta kinalindwa na mbwamwitu. Mama alinirudisha nyuma kwenye kisa hicho, nikisimulie upya polepole, maana alishakusudia kwenda kuwasimulia wajukuu. Mfalme Canute aliianzisha abasia mwaka 1020, na kwa karne tano mahujaji walimiminika kwenye kaburi la Edmund. Kanisa lake lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 150.

Watawa walikuwa na mamlaka juu ya mji mzima, soko na ushuru wake vikiwemo. Mwaka 1327 wenyeji walichoka, wakaivamia abasia na kulivunja lango. Hilo unalopita leo ni lile lililojengwa baada ya ghasia hizo, na ukilitazama vizuri unaona limejengwa na watu waliokuwa bado na hofu: lina matundu ya kurushia mishale.

Mwaka 1539 mfalme Henry wa Nane aliifunga abasia. Mawe mazuri ya kuchonga yakabanduliwa, vikabaki viini vya kuta tu, gumegume na chokaa, vimesimama katikati ya bustani ya maua. Mama alipitisha kiganja juu ya ukuta mmoja, akauliza, "Mawe yake kachukua nani?" Nikamjibu ni wenyeji, walikwenda kujengea. Akainama kuitazama chokaa, akasema, "Mwanangu, Tongoni nako ukuta ni huuhuu." Alikua akiyaona magofu ya Tongoni, msikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe kusini ya Tanga mjini, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kitu kile kina thamani ya mtu kusafiri kukiona. Alikaa kwenye benchi mbele ya kuta zile muda mrefu, akaanza kunieleza mambo ya babu yangu ambayo sikuwahi kuyasikia. Sikumharakisha.

Usiondoke bila kuzunguka upande wa mbele wa gofu la kanisa. Watu wamejenga nyumba ndani ya gofu lenyewe, madirisha na milango imepachikwa katikati ya mawe ya karne ya kumi na mbili, na watu wanaishi humo.

Hatua chache kutoka hapo, katika kanisa la Mtakatifu Maria, amelala Mary Tudor, dada yake huyohuyo Henry, aliyewahi kuwa malkia wa Ufaransa. Alifariki mwaka 1533 akazikwa kwenye abasia. Kaka yake alipoifunga, mwili ukahamishiwa kanisani humu. Mama alisimama pale akasema neno moja tu: "Kaka!" Kisha tukainua macho kwenye dari, ambako malaika wa mbao wamejipanga pande zote mbili.

Makumbusho ya Moyse's Hall yako palepale sokoni, katika nyumba ya mawe ya mnamo 1180. Ni mazuri, ila mzazi mwenye moyo mwepesi msimpitishe kwenye vitu vya William Corder, muuaji aliyenyongwa mwaka 1828, kwa sababu kimojawapo ni kitabu kilichojalidiwa kwa ngozi yake.

Sasa niseme lililoniuma. Nilipoweka picha kwenye kundi la familia, ndugu mmoja aliandika kwamba nimemleta mama Ulaya kumwonyesha kuta zilizobomoka kwa kuogopa gharama. Wengine wakaongeza vicheko. Sikujibu kitu, na bado linanikaa kooni, maana hakuna hata mmoja aliyemuuliza mama mwenyewe. Jamani, tuwaulize wazazi wetu. Tunawapandisha ndege kwa jasho, kisha tunawakokota kutoka picha moja hadi nyingine ili walioko nyumbani watuone tumefika. Mama wa miaka sabini hana deni la picha kwa mtu yeyote. Ana haki ya kukaa, kugusa, kuuliza, na kununua matunda yake kwa mkono wake. Atakayekucheka kwa kumpa mama yako hayo, mwache acheke.

Mengine ni mepesi. Nenda siku ya gulio, nasisitiza, Jumatano au Jumamosi. Siku nyingine mji ni mzuri lakini umepoa. Fika kabla ya adhuhuri. Bustani na magofu hakuna kiingilio, na mabenchi ni mengi. Chakula tulibeba chetu, wali wa nazi na samaki, tukala bustanini. Ukitaka chipsi, uliza kwanza zinakaangwa kwa mafuta gani, kwani baadhi ya maduka ya Uingereza hutumia mafuta ya ng'ombe. Mwezi wa tisa jua likizama baridi inaingia ghafla, mzazi awe na sweta hata kama asubuhi amelikataa. Kutoka London unabadilisha treni njiani, mara nyingi Cambridge, na tiketi ukiinunua mapema bei hupungua sana. Aliyevuka miaka 60 anaweza kununua kadi ya wazee ya reli, inayopunguza theluthi moja ya nauli kwa safari nyingi, na si lazima awe raia. Kutoka stesheni hadi sokoni si mbali, lakini kwa magoti mabovu chukueni teksi, ili nguvu za mama zibaki kwa ajili ya meza za matunda.