Maswali ya Wasomaji: Uso Unaoonekana Kubandikwa

SWALI: Mhariri, sisi ni vijana wanne wenye studio ndogo huku Kasarani, Nairobi. Tunamrekodi mwigizaji akiwa ameketi kwenye kiti cha matatu mbele ya pazia la kijani, kisha mahali pa ukijani tunaweka barabara ya Thika wakati wa usiku kwa Unreal Engine, programu ya kuunda mandhari ya kompyuta. Tumeziunganisha taa mbili za LED ili zifuate rangi za picha hiyo papo hapo, lakini uso bado unaonekana umebandikwa. Tunakosea wapi?

JIBU: Yaelekea taa zenu zinasoma rangi za mahali pasipohusika. Picha mnayoiona nyuma ya mwigizaji ni ile iliyo kisogoni mwake, ilhali kinachomulika uso wake ni kile kilicho mbele na ubavuni, yaani upande ambao kamera yenu haiuangalii kabisa. Wenye ukuta wa LED, yaani skrini kubwa inayoonyesha mandhari, wanaweza kumzungushia mwigizaji ukammulika wenyewe. Pazia lenu halitoi kitu ila ukijani, nao hamuutaki.

Kwa hiyo, ndani ya programu wekeni kamera ya pili pale alipoketi mwigizaji, mkiielekeza dirishani anakotazama. Picha yake iwe ndogo tu, kwa kuwa mnachohitaji ni wastani wa rangi na mng'ao wake, ambao mtautuma kwenye taa ya upande huo kwa itifaki ya DMX512, lugha ya kuamrisha taa za jukwaani. Mkondo mmoja wa itifaki hiyo una chaneli 512, na taa ya kawaida ya rangi hutumia chache sana, hivyo nafasi haitawapungukia. Taa ya barabarani ikipita dirishani, ipite pia shavuni, ikianzia mbele kuelekea nyuma. Taa mbili zilizopangwa kwa safu na kuwaka moja baada ya nyingine zitawapa mwendo huo.

Pazia nalo limulikwe kwa taa zake zisizobadilika, na mwigizaji akae mbali nalo, mita tatu hivi mkiweza. Mwanga wa rangi ukilifikia, programu itashindwa kulitenga. (Zile taa za kijani zinazopendwa na matatu zetu ziacheni: shavu likigeuka kijani litafutwa pamoja na pazia.)

Mwisho, angalieni kuchelewa. Video ya kamera ikichelewa fremu nne (fremu ni picha moja moja zinazounda video) kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde, hizo ni milisekunde 160, na jicho litaona mwanga ukifika usoni baada ya taa ya barabarani kupita. Ifanyeni mandhari igeuke nyeupe ghafla, rekodini, mhesabu fremu zilizopo kati ya weupe wa mandhari na weupe wa uso, kisha mcheleweshe mandhari kwa idadi hiyo hiyo.