Simu kuukuu haihitaji mbio, inahitaji betri

Wiki hii msomaji mmoja kaniandikia. Ana Nexus 5, simu ya Android ya Google, imekuwa nzito, WhatsApp ikifunguka inaganda kwanza. Rafiki yake kamshauri airuti (yaani ajipe mamlaka yote juu ya mfumo wa simu), aweke keneli nyingine (kiini cha mfumo kinachoendesha vifaa vya ndani), kisha apandishe kasi ya prosesa, ubongo wa simu. "Kaka, nifanye?"

Usifanye, mdogo wangu. Nasema hivyo kwa sababu simu ya aina hiyo hiyo niliitumia mwenyewe, na jambo hilo nimelijaribu kwa makusudi.

Nexus 5 ilitoka mwaka 2013 ikiwa na prosesa ya Snapdragon 800 yenye kasi ya gigahetsi 2.26 na RAM ya GB 2. Yangu niliisukuma hadi 2.5. Programu ya kupima kasi ikatoa namba nzuri, grupu zima likanipongeza. Ila WhatsApp ilifunguka vilevile! Baada ya dakika chache mgongo wa simu ukawa wa moto hadi nikaiweka mezani, na prosesa ikaanza kujipunguzia kasi yenyewe ili ipoe. Nilipowaandikia wenzangu kwamba haina maana, mmoja akajibu kuwa mimi ni mwoga wa simu. Neno hilo linanikera mpaka leo, maana mwenye kipimo mkononi nilikuwa mimi.

Hesabu yenyewe iko wazi. Kutoka 2.26 hadi 2.5 ni nyongeza ya kama asilimia 10 tu. Ili simu isizime ovyo kwenye kasi hiyo, mara nyingi inabidi uongeze na volteji. Ukiiongeza volteji kwa asilimia 10, umeme unaoliwa unapanda kwa asilimia 21 (1.1 mara 1.1), kabla hata ya kuhesabu kasi. Umeme huo wote unageuka joto, na unatoka kwenye betri iliyochoka.

Na betri ndipo penye ugonjwa. Betri ya zamani ikidaiwa umeme mwingi kwa ghafla, volteji inaporomoka na simu inazima huku ikionyesha asilimia 30. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba walikuwa wanapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizime hivyo, kisha wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Wahandisi wao waliamua kupunguza, wewe unataka kuongeza?

Yangu niliipeleka Kariakoo ikawekwa betri mpya. Nikahamisha picha, nikairudisha kama ilivyotoka kiwandani, nikaacha nafasi ya kutosha kwenye memori ya kuhifadhia. Halafu nikaingia "Kuhusu simu", nikagonga namba ya muundo (Build number) mara 7 hadi mipangilio ya wasanidi ikafunguka, nikashusha uhuishaji (michezo ya skrini unapofungua na kufunga programu) hadi 0.5, yaani nusu ya muda wake. Facebook naitumia kwenye kivinjari. Leo simu ile anatumia mama yangu, na hajawahi kulalamika.

Tuache kufukuza namba za kuonyeshana, jamani. Ili kuiruti, kwanza hufunguliwa bootloda, programu inayoiwasha simu; ukiifungua ya Nexus, kila kilichomo kinafutika, na programu nyingi za benki zinakataa simu iliyorutiwa. Ukose kuangalia salio lako kwa ajili ya asilimia 10?

Mdogo wangu, kwanza tazama kama kioo au mfuniko wa nyuma umeinuka. Ukiona hivyo betri imevimba: usiichaji tena, ipeleke kwa fundi leo. Kama haijavimba, niandikie huwa inazima ikiwa asilimia ngapi, na memori imebaki GB ngapi.