Umekabidhiwa programu ya kuhuisha watoto hospitalini? Anzia wodini

Wenzangu wa hospitali nyingine wakikabidhiwa kusimamia mafunzo ya kuhuisha watoto, yaani kumrudishia mtoto pumzi na mapigo ya moyo yanaposimama, mara nyingi hunipigia simu na maswali mawili: wanunue manikini gani (mwanasesere wa kufanyia mazoezi), na ukumbi wa semina wautafute wapi. Mimi huwauliza hivi: mtoto akiacha kupumua wodini kwako leo saa tisa usiku, zitapita sekunde ngapi kabla pumzi ya kwanza ya ambu bagi, ule mfuko wa kubinya wenye maski, haijainua kifua chake? Wengi hunyamaza. Idadi ya watu waliofundishwa wanaijua vizuri, kwa sababu hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye ripoti ya robo mwaka.

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka kadhaa nimeisimamia kazi hii katika hospitali ya watoto hapa Tanzania. Karibu kila ushauri nilio nao umezaliwa na swali hilo la sekunde.

Ushahidi wake hatuhitaji kuufuata mbali. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ilifundisha watumishi wake mwaka 2010 namna ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, kwa kozi ya siku moja. Walipopimwa kwenye manikini baada ya miezi kadhaa, walifanya vizuri kuliko mwanzo. Lakini watafiti walipoangalia yanayotendeka chumba cha kujifungulia, kwa watoto halisi, huduma ilikuwa haijabadilika. Hapo ndipo hospitali ilipoacha kutegemea kozi moja na kuanzisha mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, palepale kazini, yakiongozwa na watumishi wake wenyewe. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Utafiti mwingine wa hapohapo Haydom ulionyesha kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpa mtoto pumzi ziliongeza hatari ya kifo, au ya kulazwa kwa muda mrefu, kwa asilimia 16. Takwimu hizi nimezibandika ukutani ofisini kwangu, na kila mkuu wa idara anayeingia humo husimama akazisoma.

Kwa hiyo kama una bajeti ya semina moja kubwa ya siku tatu hotelini, omba ruhusa uigawe. Najua unachokigusa hapo. Semina ina posho, na posho kwa mtumishi mwenye ada za watoto na kodi ya nyumba si jambo la kubeza. Usiwasimange watu kwa hilo. Kozi ya mwanzo iwepo na ilipwe inavyostahili, kisha ueleze waziwazi kwamba mazoezi yanayofuata ni sehemu ya zamu, kama ilivyo ripoti ya asubuhi. Kwetu tunafanya dakika tano baada ya makabidhiano ya zamu, watu wangali wamesimama pamoja: manikini kitandani, mmoja anaita msaada, mmoja anaweka kichwa sawa na kushika maski, mmoja anatazama saa. Tukimaliza tunarudia palipokwama, kisha kila mtu anakwenda kazini. Zamu ya usiku nayo ifundishwe usiku. Ukifundisha asubuhi tu, utawajenga wale wenye daktari bingwa karibu na kuwaacha wanaobaki peke yao.

Unapofundisha, pumzi zichukue muda mwingi kuliko kitu kingine chochote. Moyo wa mtu mzima mara nyingi husimama kwa maradhi ya moyo wenyewe. Wa mtoto husimama mwishoni mwa safari ndefu ya nimonia, malaria kali na upungufu wa damu, kuharisha, sepsisi (maambukizi yaliyoenea mwilini kupitia damu). Oksijeni inakwisha kwanza, moyo unachoka baadaye. Ndiyo maana mashine ya kushtua moyo, ambayo wafadhili hupenda kuitoa, isiwe kitu cha kwanza kwenye orodha yako. Ukiwa na fedha kidogo, anza na maski za saizi zote, ambu bagi za watoto wachanga na wakubwa, oksimita ya kupima oksijeni ya damu, na mitungi ya oksijeni iliyojaa.

Maski ndiyo inayowashinda wengi, tena watu wenye uzoefu. Mwangalie mtu akishika: vidole vinakandamiza nyama laini chini ya kidevu, kichwa kimepinda kuliko inavyotakiwa, hewa inavujia shavuni, na yeye anaendelea kubinya bagi kwa kasi akiamini anasaidia. Mfundishe kutazama kifua. Kifua kisipoinuka, pumzi haijaingia, hata abinye mara mia. Aweke kichwa upya, apanguse au afyonze makohozi, abadilishe saizi ya maski, na kama bado, wawe wawili: mmoja ashike maski kwa mikono yote miwili, mwenzake abinye. Hili la mikono miwili lipe nafasi katika kila zoezi, kwa sababu mtu akishikwa na hofu huona aibu kuomba mwenzake ashike.

Kukandamiza kifua kuna vipimo vinavyojulikana: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha theluthi moja ya kifua, yaani kama sentimita 4 kwa mtoto wa chini ya mwaka na 5 kwa mkubwa zaidi, kisha kifua kiachwe kirudi chote. Wahudumu wawili hukandamiza mara 15 kwa pumzi 2, na aliye peke yake 30 kwa 2. Vichanga waliozaliwa muda huohuo wana hesabu yao, 3 kwa 1. Haya utayakuta kwenye kila mwongozo. Yapo mawili ambayo sikuyakuta humo nikayajulia wodini. La kwanza ni magodoro yetu. Mengi ni sponji iliyochoka, ukikandamiza linazama godoro na si kifua. Fundi wa hospitali akate ubao wa saizi ya mgongo wa mtoto, usugulike na kufutwa kwa dawa, uning'inizwe kwenye troli ya vifaa vya dharura. La pili ni kuhesabu kwa sauti. Mtu akifika kumi na moja, kumi na mbili, maneno yanarefuka na mikono inapunguza mwendo ili iyafuate. Waambie wahesabu moja hadi tano mara tatu, kisha pumzi. Mwendo unabaki uleule.

Troli ya dharura nayo inahitaji maneno makali kidogo. Nimewahi kuona, hospitali siitaji, kabati la dawa za dharura limefungwa kwa kufuli na ufunguo uko mfukoni mwa inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, aliyekwenda nyumbani. Nia ilikuwa njema, kuzuia wizi. Lakini dawa ambayo haifikiki usiku ni sawa na kutokuwepo. Tumia lakiri ya plastiki inayokatika kwa mkono na yenye namba, namba iandikwe kwenye daftari kila zamu. Lakiri ikiwa nzima, hakuna aliyegusa. Ikiwa imekatika, troli ikaguliwe yote na kujazwa saa ileile. Na ukaguzi usiishie kwenye kutia tiki. Ambu bagi ibinywe huku mdomo wake umezibwa kwa kiganja, taa ya laringoskopu, kifaa cha kutazamia koo, iwashwe, mashine ya kufyonza ivute maji kikombeni. Daftari lenye tiki zilizojaa na wino wa rangi moja kwa mwezi mzima lina habari yake, na utaijua ukilitazama.

Adrenalini, dawa ya kuamsha moyo uliosimama, inaua muda kwa sababu ya hesabu. Ampuli tulizonazo ni za miligramu 1 ndani ya mililita 1. Chukua hiyo mililita 1, ongeza mililita 9 za maji ya chumvi, halafu mpe mtoto mililita 0.1 kwa kila kilo, kwenye mshipa au kwa sindano ya mfupani, na urudie kila baada ya dakika 3 hadi 5. Mtoto wa kilo 8 anapata mililita 0.8. Ni hesabu nyepesi ukiwa umekaa mezani. Mama analia pembeni, dokta anaita dawa, na hesabu hiyohiyo inageuka mlima. Kwa hiyo bandika juu ya troli chati yenye kilo kuanzia 2 hadi 30, mililita zimeshahesabiwa, herufi kubwa za kusomeka hata taa ikiwa hafifu. Humohumo weka glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo, maana mtoto aliyelegea akiwa na sukari ya chini hatainuka kwa kukandamizwa kifua. Na uzito wa kila mtoto aliyelazwa uandikwe mahali ambapo anayekuja mbio atauona bila kupekua faili.

Kuna jambo ambalo manikini halifundishi mpaka ulitafute: nani anaruhusiwa kusema nini kwa nani. Katika hospitali zetu mdogo anamheshimu mkubwa, na heshima hiyo naipenda, nimelelewa nayo. Lakini muuguzi mpya akiona dokta ameagiza dozi mara kumi zaidi, lazima awe na sentensi ambayo ameshaitamka mara nyingi kiasi kwamba mdomo hausiti. Sisi tunatumia: "Samahani dokta, naomba tuthibitishe dozi kwa kilo." Hakuna aliyevunjiwa heshima, na kila mtu amesimama kidogo. Kwenye mazoezi tunamwomba daktari aagize dozi isiyo sahihi kwa makusudi, na akikatizwa ajibu, "Asante sista." Hilo "asante" la daktari bingwa mbele ya watu limewafungua midomo wauguzi wetu kuliko mihadhara yangu yote. Vilevile anayepokea agizo alirudie kwa sauti, na akishatoa dawa aseme imeingia. Kiongozi wa tukio asimame miguuni mwa kitanda, mikono mitupu. Akishaanza kutafuta mshipa yeye mwenyewe, hakuna tena anayeliona tukio zima.

Baada ya kila tukio, mtoto awe amepona au amefariki, watu wabaki dakika tano hadi kumi. Maswali ni machache: nini kilikwenda vizuri, nini kilituchelewesha, nani atakirekebisha na lini. Majina ya kulaumu hayatajwi. Yakitajwa mara moja tu, tukio linalofuata utasikia kila mtu anasema mambo yalikuwa sawa. Andika saa ya kuita msaada, saa ya pumzi ya kwanza, saa ya adrenalini, na nani aliongoza. Kama hakuna wa kuandika, mpe kazi hiyo mwanafunzi wa uuguzi na saa ya ukutani. Karatasi hizo ukizikusanya zitakuonyesha mambo ambayo usingeyadhania: kwamba tatizo ni maski ya saizi fulani, au kitanda cha pembeni ambako soketi ya umeme haifanyi kazi.

Utakapozisoma kwa muda, utagundua pia kwamba watoto wengi walionyesha dalili saa nyingi kabla. Hapo programu yako inapaswa kutoka wodini na kwenda kwenye foleni ya mapokezi. Blantyre, Malawi, Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth ilipopanga upya mapokezi ya watoto ili aliye mahututi aonwe kwanza, vifo vya waliolazwa vilishuka kutoka kati ya asilimia 10 na 18 hadi kati ya 6 na 8. Mfundishe karani wa kadi, mfundishe mlinzi wa getini: mtoto anayehema kwa shida, anayetetemeka degedege, aliyelegea hashtuki akiitwa, huyo hapangi foleni wala haulizwi bima. Walinzi wetu wamewahi kukimbia na watoto mikononi, na kwenye sherehe ya vyeti huwa tunawaita mbele kama wengine.

Na uwe tayari kufuta ulichofundisha. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na hapa kwetu Muheza, kwa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko dhaifu wa damu. Dunia nzima ilikuwa ikifundisha kuwajaza watoto kama hao maji ya mshipani haraka. Ikaonekana kwamba ndani ya saa 48 walifariki takriban asilimia 10.5 ya waliojazwa maji, na 7.3 ya wasiojazwa. Hadi leo mtumishi aliyesoma zamani akimwona mtoto ana mikono ya baridi hukimbilia dripu kubwa. Zoezi la kujizuia ni gumu kuliko zoezi la kutenda, kwa hiyo litengee siku zake.

Mama asifukuzwe. Akitaka kubaki, mpe mtu mmoja wa kusimama naye, asiye na kazi nyingine, amweleze kwa Kiswahili chepesi kinachofanyika. Mtoto akifariki, habari itolewe na mtu aliyekuwepo, katika chumba chenye kiti, jina la mtoto likitajwa. Hili lifanyieni mazoezi pia.

Wakubwa watakuomba ripoti. Wapelekee muda wa pumzi ya kwanza, idadi ya matukio yaliyojadiliwa, siku ambazo troli ilikuwa kamili, na kitu kimoja unachohitaji kinunuliwe. Idadi ya vyeti iweke ukurasa wa pili.

Halafu kuna uhamisho. Utamjenga mtu vizuri, mwezi ujao amepelekwa mkoa mwingine au kliniki ya macho, na madaktari walio kwenye mafunzo kazini hupishana kila baada ya miezi michache. Usitegemee mwalimu mmoja. Kila wodi iwe na wawili, mmoja wao awe mtu wa zamu za usiku. Na mgeni yeyote, daktari au muuguzi, siku ya kwanza aonyeshwe troli ilipo, aifungue, achague maski inayomfaa manikini na ainue kifua chake kwa pumzi tano. Asipoweza, anafundishwa palepale na kurudia kesho yake. Mpaka aweze, hapangiwi zamu.