Sahani Zitengwe? Maswali Yenu Kuhusu Homa ya Ini

Mume wangu alikwenda kuchangia damu, akaambiwa ana homa ya ini B. Mama mkwe amemtengea sahani na kikombe. Amefanya sawa?

Hapana, dada yangu. Naomba sahani hiyo irudi kabatini leo hii. Kirusi cha B hakipiti kwenye ugali wa pamoja, kikombe wala kupeana mikono. Hupita kwenye damu, kwenye tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Vya kutenga ni wembe, mswaki na kikata kucha, kwa kuwa kirusi hiki huweza kukaa nje ya mwili siku 7 kikiwa bado kinaambukiza, hata kwenye tone la damu lililokauka.

Wewe na watoto nendeni mkapime. Asiye nacho achanjwe sindano 3: ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6 tangu ya kwanza. Mpaka umalize, tumieni kondomu. Naye shemeji asijifariji kwamba haumwi. Wengi huishi miaka bila dalili huku ini likijaa makovu. Ahudhurie kliniki, vipimo ndivyo vitakavyosema kama anahitaji dawa.

Nina mimba ya miezi 7 na nina B. Mtoto ataambukizwa?

Anaweza kukingwa, mama, ila muda ni mfupi. Watoto wachanga wakiambukizwa wakati wa kuzaliwa, takriban 9 kati ya 10 hubaki na kirusi maisha yao. Kwa watu wazima ni chini ya 1 kati ya 20. Kwa hiyo chanjo yake ya kwanza itolewe ndani ya saa 24. Akisubiri ile ya wiki ya 6, atakuwa amechelewa. Ulizia wiki hii, usingoje uchungu, kama utakapojifungulia ipo. Muulize daktari pia kuhusu tenofovir, dawa ya kupunguza kirusi mwilini mwako. Kunyonyesha, nyonyesha.

Macho ya njano ndiyo homa ya manjano?

Si lazima. Homa ya manjano huletwa na mbu. Macho ya njano huonyesha tu kwamba rangi ya njano iitwayo bilirubini imezidi kwenye damu, na sababu ni nyingi. Homa ya ini A na E, kwa mfano, huingia kwa maji au chakula chenye kinyesi, na E huua wajawazito kuliko watu wengine. Pimwa.

Sinywi pombe, sina kirusi. Ini litaumiaje?

Kwa sumukuvu, ndugu yangu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya baada ya kula mahindi yaliyoota ukungu. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo, na kwa mwenye B huongeza sana hatari ya saratani ya ini. Anika mahindi na karanga juu ya turubai, si ardhini. Zilizooza usiwape hata kuku.