Mzani kabla ya mashine: kwa muuguzi mgeni wa dayalisisi

Wiki ya kwanza macho yako yote yatakuwa kwenye mashine. Mirija, damu inayozunguka nje ya mwili, ving'ora visivyokwisha. Mashine utaizoea haraka. Kinachochelewa kueleweka ni maji.

Dayalisisi watu huiita "kusafisha figo". Figo haisafishwi, wala mashine haiiponyi. Kinachosafishwa ni damu: inapita kwenye chujio lenye maelfu ya vijinyuzi vilivyo wazi ndani, taka zinavuka kwenda upande wa pili, na maji yaliyozidi yanavutwa. Figo nzima hufanya kazi saa 168 kwa wiki. Mgonjwa wa vikao vitatu vya saa nne anapata 12. Akiruka kikao, usidanganyike na sura yake nzuri. Potasiamu, madini yanayorundikana kwenye damu figo zisipofanya kazi, husimamisha moyo bila kubisha hodi.

Anza na mzani. Linganisha uzito wa leo na uzito mkavu, yaani ule anaobaki nao akiwa hana maji ya ziada. Kila kilo iliyozidi ni takriban lita moja.

Mwaka wangu wa kwanza mzee mmoja alikuja na kilo nne juu, akaapa hajagusa maji. Nikapanga kuzitoa zote siku hiyohiyo. Saa ya tatu ya kikao akaanza kupiga miayo. Nikadhani usingizi. Mara jasho jembamba, mguu ukakaza, akapiga kelele. Kupima presha, imeshuka vibaya. Tukasimamisha kuvuta maji, tukamlaza miguu juu. Alipotulia akaniambia, "Mwanangu, maji sikunywa. Nilikunywa chai na supu."

Tangu hapo siulizi "umekunywa maji?" Nauliza ameshika kikombe mara ngapi tangu jana. Chumvi naiulizia zaidi, maana ndiyo inayoleta kiu. Kumgombeza kwa maji mtu anayekula chumvi ni kumwonea tu.

Mkono wenye fistula, pale ateri ilipounganishwa na vena ili kupata mshipa wa kuchoma sindano za mashine, usiufunge kipimo cha presha wala usiutoe damu ya maabara. Kabla ya sindano weka vidole: unatakiwa uhisi mtetemo, kama simu inayotetema mfukoni. Ukiukosa, weka sindano chini umwite daktari, hata kama foleni imefika mlangoni.