China, India na kiti cha Marekani

Ndugu, umeuliza ni taifa lipi, kati ya China na India, litakaloirithi Marekani kama taifa lenye nguvu kuliko yote duniani. Kwa sisi tunaoishi Lubumbashi, kusini mwa Kongo, jibu la haraka ni China, kwa kuwa malori yanayopanga foleni kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yamebeba shaba na kobalti ambazo sehemu kubwa huchimbwa na kampuni za Kichina. Hata hisa kubwa za Wamarekani katika mgodi wa Tenke Fungurume ziliuzwa kwa Wachina mwaka 2016.

Hata hivyo, nenda sokoni na noti ya dola iliyochanika pembeni kidogo tu: muuzaji ataigeuza, ataiinua kwenye mwanga, kisha atakurudishia. Noti anayoichunguza hivyo si yuani, sarafu ya China. Shaba yetu yenyewe hupangiwa bei kwa dola, na taifa ambalo sarafu yake haishikwi na wauza nyanya wa nchi za mbali bado lina safari, hata likiwa na viwanda vingi kuliko mengine yote.

Isitoshe, idadi ya watu wa China ilianza kupungua mwaka 2022, na mwaka uliofuata India ikaipita. Vijana ni mtaji, ingawa (nasi Wakongo tunalijua hili vizuri mno) wingi wao bila kazi wala umeme haujengi ukubwa wowote. Naona China itagawana ukubwa na Marekani kwa muda mrefu kabla ya kuirithi, na India itafuata kwa mbali.